Ngazi ya ukutani nayo ipandike

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Bagamoyo alinitumia picha na ujumbe wa sauti. "Shikamoo, shangazi. Naandaa vyumba vinne vya wageni. Nimeipenda hii ngazi ya miti, mtindo wa huko kwenu. Nitumie hata moja, au niambie fundi aigongeje." Kwenye picha kulikuwa na miti miwili mirefu isiyonyooka sana, vipandio vitano, kamba za ngozi zimezungushwa kila kipandio kinapokutana na mti, na blanketi la rangi ya udongo mwekundu limening'inizwa katikati. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe. Hapakuwa na mtu, wala hapakuonekana mahali ambapo ngazi ile ingemfikisha mtu.

Sikumjibu siku ile. Nimeishi Santa Fe, jimbo la New Mexico, miaka 12 sasa. Kazi yangu ni kuandaa nyumba za kupangisha wageni: natandika vitanda, napanga samani, natundika vitu ukutani. Ngazi za namna hiyo nimezipangusa vumbi kwa miaka yote hiyo, maana hapa karibu kila nyumba ya wageni inayo yake. Nilitaka kumpa jibu nililolipima. Nimelipima, na naliweka gazetini kwa sababu najua wanaouliza ni wengi: ngazi ya pambo nayo ipandike. Isiyoweza kumbeba mtu isiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba wanamoishi watu.

Mimi ni mtoto wa mkwezi. Baba yangu alikwea minazi Pangani hadi magoti yalipomkatalia. Alipopewa shamba jipya, kazi ya kwanza ilikuwa kukata vidato kwenye mashina, kimoja kushoto, kimoja kulia, hadi kilele. Hakuacha kidato nusu. Alituambia kwamba kidato kibovu ni deni, na atakayelilipa ni yule anayekuja kukwea nyuma yako. Watoto wa leo wanalijua neno kidato kwa shule tu, kidato cha kwanza hadi cha sita. Mimi nililijua kwanza kwa wayo wa baba yangu.

Ndiyo maana nilipofika Mesa Verde, jimbo la Colorado, nilisimama nikashindwa kuendelea na wenzangu. Kule kuna nyumba za mawe zilizojengwa chini ya miamba mikubwa na mababu wa watu wanaoitwa leo Wapueblo. Walizihama kabla ya mwaka 1300, baada ya miaka mingi ya ukame. Kwenye uso wa mwamba wamechonga vishimo vya kuingiza vidole vya miguu na mikono, kimoja kushoto, kimoja kulia. Vilikuwa vidato. Watu wale walipanda hivyo kwenda mashambani juu ya mwamba na kurudi, mizigo mgongoni. Leo mgeni anayetaka kuingia Balcony House, mojawapo ya nyumba zile, hupanda ngazi ya mbao yenye urefu wa karibu mita 10. Nilipanda. Miguu ilitetemeka, lakini kila kipandio kilinipokea.

Mtu akitaka kuelewa ngazi hii aanzie Taos, kaskazini mwa Santa Fe. Pale pana majengo mawili makubwa ya matofali ya udongo mbichi, vyumba vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi orofa tano, na watu wameishi humo kwa karibu miaka 1,000. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1992. Ndani ya kuta za zamani hawakuweka umeme wala mabomba ya maji, kwa hiari yao. Milango unayoiona leo chini ni ya baadaye. Zamani ukuta wa chini haukuwa na mlango wala dirisha. Mwenye nyumba alipanda ngazi hadi juu ya paa, kisha akashuka kwa ngazi nyingine kupitia tundu la paa hadi sebuleni kwake. Sisi tunasema mpanda ngazi hushuka, tukimwonya mwenye cheo. Kwa Wapueblo hiyo ilikuwa njia ya kuingia nyumbani. Na adui alipokuja, ngazi ilivutwa juu, na nyumba nzima ikawa ukuta.

Kwa hiyo ngazi ilikuwa mlango, na ilikuwa kufuli pia. Aliyeifunga vibaya aliwaweka watoto wake hatarini mchana, na usiku akawaweka wote hatarini.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Wapueblo wana chumba cha ibada kiitwacho kiva. Sehemu nyingi kimechimbwa chini ya ardhi, na huingiwa kwa ngazi kutoka tundu la paa. Katika kiva nyingi za kale kuna kitundu sakafuni, ukumbusho wa mahali ambapo wahenga walitokea walipopanda kutoka ulimwengu wa chini kuja huu wa jua. Ngazi ile, basi, inasimama katika simulizi ya jinsi watu wenyewe walivyopata kuwepo duniani. Katika karne ya 17 mapadri wa Kihispania walibomoa kiva na kuwaadhibu walioendelea na ibada zao. Mwaka 1680 Wapueblo waliungana chini ya Po'pay, mtu wa Ohkay Owingeh, wakawafukuza Wahispania wote, na miaka 12 ikapita kabla hawajarudi. Hadi leo mgeni anayetembelea Taos haruhusiwi kuingia kwenye kiva. Mwenye dini amesema hapana, na hiyo inatosha.

Imekuwaje basi ngazi hiyo ikafika kwenye picha ya mpwa wangu? Njia yake inajulikana. Mwaka 1905, kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kampuni ya Fred Harvey ilifungua duka lililoitwa Hopi House. Aliyelichora ni Mary Colter, kwa kufuata nyumba za kijiji cha Wahopi cha Oraibi, na Wahopi wenyewe walishiriki kulijenga. Ngazi ziliegemezwa kwenye paa moja hadi jingine, kama kijijini. Watalii walioshuka kwenye treni waliziona, wakanunua vyungu na vikapu, na picha ya ngazi wakarudi nayo kichwani. Mwaka 1957 mji wa Santa Fe ulipitisha sheria ya kulinda sura ya mji wa kale: majengo yafuate mtindo wa udongo. Mwaka uliofuata mchoraji Georgia O'Keeffe, aliyekuwa akiishi Abiquiú na Ghost Ranch, kaskazini-magharibi mwa mji huu, alichora ngazi ikielea peke yake kwenye anga la rangi ya feruzi, mwezi juu yake, milima myeusi chini. Nyumbani kwake alikuwa na ngazi ya kupandia paani. Ile ya kwenye picha haikuegemea popote. Tangu hapo wengine wengi wameiacha ngazi ielee hivyo, bila paa la kuifikia na bila mtu wa kuipanda.

Simlaumu O'Keeffe. Aliipanda yake, na alichokipaka rangi alikuwa amekikanyaga kwanza. Ninaowalaumu ni wale waliokuja baadaye wakabakiza umbo, wakaacha kazi.

Nieleze kilichonifanya niwe na msimamo huu. Miaka minne iliyopita, katika mojawapo ya nyumba ninazozihudumia, mwenye nyumba aliniagiza ninunue ngazi ya kuweka kando ya meko. Nilikwenda kwenye duka moja la mapambo, nikachagua ya vipandio sita. Ilikuwa nzuri: miti imemenywa, rangi ya asali, kamba za ngozi zimefungwa kwa mafundo makubwa. Kibandiko kilisema imetengenezwa kwa mikono, kwa desturi ya wenyeji. Niliiegemeza, nikatundika blanketi, nikapiga picha, mwenye nyumba akafurahi.

Wiki ya tatu ikaja familia yenye mtoto wa miaka sita. Mtoto aliona ngazi, akafanya anachofanya mtoto yeyote. Kipandio cha tatu kilichomoka, akaanguka juu ya ukingo wa meko, mkono ukavunjika. Nilipofika jioni kusafisha nilikiokota kile kipandio. Hakikuwa kimeingia popote. Mwisho wake ulikuwa umekatwa bapa, ukapakwa gundi, ukapigwa msumari mmoja mfupi kama wa fremu ya picha. Ile kamba ya ngozi haikushika kitu. Kazi yake ilikuwa kuuficha msumari.

Nilikaa sakafuni na kile kipande mkononi, nikamkumbuka baba. Deni alilolisema lilikuwa limelipwa na mtoto wa watu, na aliyekileta kidato kile kibovu nyumbani humo ni mimi. Nilichagua kwa macho. Sikuikanyaga.

Siku chache baadaye alikuja mzee mmoja Mpueblo, fundi wa lipu ya udongo, kurekebisha ukuta wa nje. Nilimwonyesha ngazi. Hakutazama rangi wala mafundo. Aliilaza chini, akatia kidole pale ambapo kipandio kinakutana na mti, akatafuta tundu, hakulikuta. Akairudisha ukutani bila neno. Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo naliuliza mimi kila ninapoona ngazi: inakupeleka wapi?

Ngazi ninayoimiliki sasa niliinunua kwake kwa dola 180. Nilimwona akiitengeneza. Alikata misonobari miwili myembamba, akaimenya gome lote kwa sababu chini ya gome ndiko wadudu hukaa, akaiacha ikauke kivulini. Alitoboa matundu kwenye kila mti, akachonga ncha za vipandio hadi zikaingia kwa kugongwa, zikatokeza upande wa pili. Kisha akaloweka ukanda wa ngozi mbichi na kufunga maungio. Ngozi hiyo ikikauka hujikaza yenyewe, nguvu ambayo kamba ya kawaida haina. Miti yake ilipishana unene, mmoja umepinda kidogo, na alipanga vipandio kwa kuufuata mpindo ule hadi vyote vikalala sawa. Hakunifunza jina lolote la siri, wala sikuliuliza. Aliniuzia ngazi ya kupandia paa, akaniambia niiite ngazi.

Najua hoja ya upande wa pili, na wanaoitoa si watu wabaya. Husema pambo ni pambo. Upanga uliotundikwa ukutani haukati mtu, ngoma ya sebuleni haipigwi, kwa nini ngazi ipandwe? Tena ngazi ya kweli ni ghali, na mwenye kipato kidogo naye anapenda nyumba ipendeze.

Kuhusu bei wana haki, na nitalirudia. Kuhusu lile la kwanza nakataa. Ukichunguza kinachotuvuta kwenye ngazi ya miti utaona ni alama za kazi: kipandio kilicholika katikati kwa miguu, mti uliong'aa mahali mikono ilipokuwa ikishika, fundo lililokazwa na mtu aliyejua kwamba uhai unalitegemea. Uzuri wa ngazi umetoka kwenye uzito ilioubeba. Mwenye duka anayepaka rangi ya uchakavu kwenye mti ambao haujakanyagwa anauza jasho ambalo hakuna aliyelitoa. Isitoshe, ngazi inaita. Upanga ukutani unamwambia mtoto kaa mbali, ngazi inamwambia njoo. Huwezi kuweka ndani ya nyumba kitu kinachomwita mtu apande halafu ukamlaumu kwa kupanda.

Tena kuna haki ya wenye nayo. Tangu mwaka 1990 Marekani ina sheria inayokataza kuuza kazi ya mikono kwa kudai imefanywa na Wahindi Wekundu, kama walivyozoea kuitwa, ilhali si kweli. Adhabu kwa mtu mmoja, hata kwa kosa la kwanza, inaweza kufika dola 250,000 au miaka mitano jela. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya urembo. Ilitungwa kwa sababu mtu anayefinyanga, anayefuma na anayefunga ngazi kwa siku nyingi hawezi kushindana na kiwanda kinachotumia jina la babu yake. Jimbo hili lina jamii 19 za Wapueblo, na mafundi wake wanafikika. Chini ya baraza ya Palace of the Governors, jengo la mwanzoni mwa karne ya 17 kwenye uwanja wa Santa Fe, huketi siku baada ya siku na kuuza kazi zao wenyewe. Kila Agosti kuna soko kubwa la sanaa zao lililoanza mwaka 1922. Anayetaka kitu cha kweli hana haja ya kibandiko. Anaweza kumuuliza aliyekitengeneza ana kwa ana.

Basi nimrudie mpwa wangu, na yeyote anayetaka ngazi ukutani mwake.

Mwanangu, anza na tundu. Kipandio kiingie ndani ya mti au kilale kwenye kidato kilichochongwa, ndipo kifungwe. Kinachoshikwa na msumari na gundi peke yake kirudishe kwa fundi. Ufa unaofuata urefu wa mti usikutishe, ni mti kukauka, lakini ufa unaopita kwenye tundu la kipandio uukatae. Kanyaga kila kipandio, kwanza karibu na mti, kisha katikati, kwa uzito wako wote. Ukiiegemeza ili ipandwe, mguu wake uwe mbali na ukuta kwa robo ya kimo inachofikia: ikifika mita 2.4, mguu ukae sentimita 60. Ukikosa nafasi ukaisimamisha wima zaidi, ifunge juu kwa chuma kwenye boriti, isije ikamwangukia mgeni.

Kisha ipe kazi. Iweke mahali panapofikika kwa ngazi tu: rafu ya juu, dirisha la hewa, kitanda cha darini. Blanketi ning'iniza, maana si kosa ngazi kubeba nguo. Hapa watu huweka mablanketi yaliyofumwa kijijini Chimayó, yanapendeza kwelikweli. Ila nguo ya kale iliyofumwa kwa mkono usiikunje juu ya mti mwaka mzima mbele ya dirisha, jua litakula rangi na mkunjo utakata nyuzi. Na usijenge kiva ya kuigiza kwenye kona ya chumba cha wageni. Nyumba ya ibada ya watu haigeuzwi pambo, kama ambavyo usingependa kuona mihrabu ikigeuzwa kabati la vikombe.

Na kuhusu kukutumia, sitakutumia. Gharama ya kuisafirisha itapita bei yake. Lakini sababu kubwa ni kwamba huihitaji. Nilipofika nyumba hizi za New Mexico mara ya kwanza, nikatazama juu na kuona miti ya duara imepangwa kubeba dari la udongo, nilijua niko mahali ninapopaelewa, kwa sababu nilikulia chini ya boriti. Bagamoyo pana mafundi na pana miti. Mikoko iache, ina sheria zake za kuilinda, lakini milingoti ya mvinje inapatikana. Chagua miwili iliyokauka, imenywe gome, ikae juu ya jiwe isiguse ardhi, maana mchwa wa pwani hawana huruma. Fundi atoboe matundu, asipige misumari. Hiyo itakuwa na bei ambayo mwenye kipato kidogo anaimudu, ndilo lile nililosema nitalirudia. Mgeni akikuuliza ni ngazi ya wapi, usimwambie ya New Mexico. Mtajie fundi wako, na mvinje ulikotoka.

Yangu ina vipandio saba. Leo asubuhi nimetoa blanketi, nikapanda hadi cha tano, nikafuta dirisha la juu, nikashuka, nikalirudisha blanketi mahali pake. Nawe msomaji, kabla hujailipia ngazi yoyote, ikanyage kwanza.